Nyumba Niliyopewa kwa Utani

Nianze na godoro, maana ndilo lililoniuma kwanza. Lilikuwa godoro la pamba, la watu wawili, tulilinunua mwaka tuliooana, na siku ile nililikuta uani Temeke limelazwa kwenye mvua ya masika, limekunywa maji mpaka limevimba. Juu yake walikuwa wameweka sufuria zangu, na juu ya sufuria picha yetu ya harusi, uso juu, mvua ijitazamie. Pembeni kwenye tope kilisimama cherehani changu cha miguu. Hakuna aliyekifunika hata kwa gunia. Nilitoka asubuhi kupeleka nguo za mteja Kariakoo, nikarudi saa tisa, na chumba changu kilikuwa kimejaa marobota ya mitumba mpaka darini.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu ameruhusiwa kuuza kila kitu. Mume wangu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo cha serikali. Kikafungwa. Yeye na wenzake wakaambiwa wamepunguzwa, akawa kila asubuhi anakwenda kusimama getini kufuatilia kiinua mgongo, anarudi jioni na vumbi la barabara. Nguo mpya zilikosa mnunuzi kwa sababu mitumba ilikuwa imeingia, na mitumba hiyo hiyo ndiyo iliyomtajirisha mama mwenye nyumba wetu. Jina lake sitaliandika. Si kwa kumstahi. Sitaki tu kulitia kinywani. Alitupandishia kodi mara mbili mwaka ule na mara mbili tulilipa, hakuwa anatudai hata ndururu. Lakini alikuwa amegundua kwamba robota halichoti maji bombani, halina watoto wa kulia, wala halikaangi dagaa. Akaona bora akae na marobota.

Nilipanda barazani kwake, maji yananichuruzika, nikapiga hodi. Ndani redio ilikuwa inaimba. Nikasikia mtu anaipunguza sauti. Nikapiga hodi ya pili. Kimya. Nikapiga ya tatu, na nikajua kabisa kwamba aliyepunguza redio yupo hapo, hatua tano kutoka mlangoni, na hatasema karibu, wala subiri, wala nenda zako. Mimi ni Mnyamwezi, nimekulia Tabora, lakini nilishakaa pwani vya kutosha kujua maana yake. Hata mwendawazimu huitikiwa hodi. Mtu aliyepigiwa hodi tatu akanyamaza amekwambia wewe si mtu, na amekwambia bila kutoa jasho.

Baadaye alitoka na mwavuli wake, anakwenda dukani. Akanikuta nimekilalia cherehani kukikinga na mvua. Akasimama, akanitazama kidogo, akasema, "Dar si ya kila mtu, mama. Nenda kunakokufaa." Hakusema kwa hasira. Laiti angekuwa na hasira, nadhani hata mimi ningesahau. Alisema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni kituo cha basi.

Wachungaji watatu, kwa nyakati tofauti, wameniambia nisamehe. Wote nimewaitikia ndiyo baba mchungaji, na nimerudi nyumbani na kinyongo changu kizima. Sasa ni mtu mzima, nywele nyeupe, na sioni sababu ya kusema uongo kwenye karatasi.

Kibiti, kule Rufiji, tulikwenda kwa umaskini, nisidanganye. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameweka mashine ya kukoboa mpunga, hana fundi, na mume wangu alikuwa fundi, hana mashine. Tukapanda lori lililokuwa linafuata nazi, sisi na cherehani na sufuria na mtoto wetu mmoja wa wakati ule. Tukalala njiani kwa sababu ya tope, tukafika sote tumekuwa rangi moja. Nililia njia nzima. Nilikuwa na hakika kwamba tumeshindwa maisha.

Siku ya pili nikaacha kulia, kwa sababu nilionyeshwa nyumba. Nyumba nzima! Vyumba viwili, sebule, jiko la nje, choo chetu peke yetu, minazi mitatu na mkorosho, na kodi yake haikufika nusu ya kile chumba kimoja cha Temeke. Kuta za miti na udongo, bati la paa lina kutu pembeni, lakini ukifunga mlango umefunga mlango wako. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja mjane, Mndengereko, anakaa nyumba kubwa ya jirani, mwili mdogo, mdomo umejaa ugoro. Alituambia hiyo ndogo ndiyo mumewe aliyomjengea kwanza, walipooana, na kwamba watoto wake wote aliwazalia chumba cha pili.

"Kabila gani wewe?" akaniuliza hata sijaweka mzigo chini.

"Mnyamwezi, bibi. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini! Mpagazi wangu amerudi!" Akapiga makofi, akaita majirani. "Njooni muone, mpagazi wangu huyu, mzigo wangu kautupa wapi? Hebu lete maji, ndoo ile pale!"

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wapagazi, wakishusha huku mizigo ya misafara. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anakunyang'anya kuku na unacheka. Kwenye msiba ndiko yuko kazini hasa: anamwaga maji kwenye moto wa wapishi, anavaa nguo za marehemu na kumwigiza, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Hakuna kununa. Anayenunia utani msibani amejiaibisha yeye na maiti wake. Basi nilibeba ndoo, nikamwita Bibi mamba wa Rufiji, akacheka mpaka ugoro ukamtoka. Kodi ya mwezi wa kwanza akakataa kuipokea. Alisema mpagazi halipi mpaka apumzishe mabega.

Sitaki kupaka mahali rangi. Kibiti kulikuwa na mbu wa kukubeba, na watu walijua umepika nini kabla hujaepua. Lakini nilipojifungua mtoto wa pili, siku arobaini sikuchota maji. Wanawake walipangana wenyewe, sijui walipanga lini, nikiamka nakuta mapipa yamejaa. Mume wangu alipolala na malaria, mashine ilisimama siku nane, na siku zote nane tulikula: kambare wakavu kutoka Mohoro, wali, kisamvu cha nazi. Temeke nilikaa miaka sita, na jirani niliyepakana naye ukuta sikumjua hata mtoto wake anaitwaje.

Msimu wa mpunga nilimfuata Bibi bondeni, tukakaa dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo wanachojenga mashambani ili kulinda mpunga na ndege na nguruwe. Kutwa tunapiga debe na kutukanana. Mpunga alionigawia ulitufikisha msimu mwingine. Na cherehani, mume wangu alikifungua chote akakilaza kwenye mafuta ya taa, kikafufuka, ila tangu siku ile ya mvua kinaruka nyuzi. Unashona vizuri, unashona vizuri, kinaruka. Kila kiliporuka nilimkumbuka yule mwanamke. Kwa hiyo nilimkumbuka kutwa.

Bibi hakupenda kupigiwa hodi. Ya kwanza haijaisha kinywani mwako ameshasema karibu, na ukithubutu ya pili anakugombeza. "Ya pili ya nini? Mimi nimekufa?" Mchana mlango wake haukufungwa, na mimi nikazoea kuingia nitakavyo. Mwaka wetu wa pili alishikwa na homa, nikaingia chumbani kumtolea kanga sandukuni. Ukutani palikuwa na picha katika fremu. Mwanamke amesimama studio, mkono kiunoni, nyuma yake pazia lililochorwa maua. Uso ule niliujua: yule wa mwavuli.

"Nani huyu, bibi?"

"Mwanangu. Ndiye huyo tu Mungu aliyenibakizia. Ana nyumba Temeke, ana duka. Nguo ananitumia," akasema, akivuta ile kanga niliyomshikia, "ila mwenyewe haji."

Nilimfunika kanga. Nilimpa dawa zake. Nikarudi nyumbani kwangu, yaani nyumbani kwake, nikakaa mbele ya cherehani bila kushona mpaka mume wangu alipotoka kazini. Nilipomwambia, hakupiga kelele kama nilivyotaka apige. Aliinua macho akatazama paa. "Unajua maana yake?" akasema. "Siku Bibi akifa, mwenye nyumba wetu ni yule yule."

Tangu siku hiyo sikulala vizuri chini ya bati lile. Tulikuwa na watoto wawili, mashine ya watu na cherehani kibovu. Kutoka Dar tulipata pa kwenda, Kibiti. Kutoka Kibiti hatukuwa tena na pa kwenda. Mume wangu alinisihi: mke wangu, nyamaza, akija mpokee, mpikie, huenda asikukumbuke. Na kweli. Alikuja sikukuu moja ya Idi, kwa gari la kukodi, kavaa baibui la kung'aa, nikakutana naye kwenye kichochoro kati ya nyumba zetu mbili. Nilisimama mbele yake, ndoo kichwani. "Habari, mama," akasema, akajibana ukutani nipite, na yeye akaenda zake. Mume wangu alimshukuru Mungu. Mimi nilijuta kwa nini sikummwagia ile ndoo.

Bibi sikumwambia kamwe. Angeniamini, na hilo ndilo nililoliogopa. Mtoto aliyebaki ni mmoja, halafu nije mimi nimwonyeshe ni mtoto wa namna gani! Ningemtukana mamba, ningemtukana mchawi wa kambare, lakini hilo hapana.

Alizeeka ghafla. Siku moja tunachambua mchele barazani akaniambia, "Mpagazi, nikifa usiniangushe. Watu wakinililia tu nitajiona nimezikwa mjini. Unizuie mlangoni." Nikamwambia nitamzuia mpaka anuke. Alifurahi sana. Akanionyesha bakora yake na kopo lake la ugoro, akasema hivyo ndivyo nitakavyoshika, na mgongo niupinde kidogo tu, nisizidishe, yeye si kobe.

Alifariki mwezi mmoja kabla ya masika, asubuhi, tukisubiri uji upoe. Sikulia. Nasema kweli, na ni aibu yangu. Cha kwanza kilichonijia kichwani ni paa langu. Cha pili ni kwamba yule mwanamke atakuja, na mimi ndiye mtani.

Mume wangu alijua ninachokiwaza. Kesho yake, siku ya kuzika, alinifuata jikoni ninafunga kanga za Bibi, akafunga mlango. "Utani fanya, umemwahidi. Lakini usivuke. Nyumba hii kesho iko mikononi mwake."

"Utani hauna kuvuka," nikamwambia.

"Wewe unako."

Alikuwa na haki. Nikatoka hivyo hivyo.

Uwanja ulikuwa umejaa. Watani wengine, walimu wawili Wangoni, walikuwa wameshazima moto wa pilau na kukimbia na mwiko. Shughuli yote ilikuwa inasimamiwa na mdogo wake Bibi wa kiume, mkulima wa Ruaruke ambaye mtaa mzima tulimwita Mjomba, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Binti wa Bibi alikuwa sebuleni kwenye mikeka na wanawake, amefika alfajiri kutoka Dar. Wanaume walipoinua jeneza chumbani ili walitoe, nilikuwa nimeshasimama kizingitini, uwanja nyuma yangu, sebule mbele yangu. Nimevaa kanga za Bibi. Ugoro wake unanichoma mdomo. Nikaweka bakora mlangoni, upande mpaka upande, nikapinda mgongo, nikatoa sauti yake.

"Mnanipeleka wapi? Sitoki! Kodi nimelipa!"

Loo! Vicheko vililipuka ndani na nje. Mwanamke mmoja alipiga yowe, "Wallahi ni yeye! Ni yeye mwenyewe!" na papo hapo akaangua kilio.

"Mnataka chumba changu muweke marobota? Haya, nitoeni! Godoro langu lilazeni kwenye mvua! Sufuria juu yake! Na picha yangu juu ya sufuria! Mwanangu, mwavuli wako umekuja nao? Maana utapita hapo nilipo, uniambie dunia si ya kila mtu, niende kunakonifaa!"

Nilikuwa namtazama yeye peke yake. Hatua tatu tu zilikuwa kati yetu. Miaka saba nilikuwa nimesubiri uso ule ubadilike. Niliupanga usiku na mchana jinsi utakavyobadilika, kwanza macho, kisha mdomo. Na alikuwa anacheka! Machozi yanamtoka, kajiziba mdomo kwa kanga, anacheka na kumpiga mapajani aliyekaa naye. Maneno yangu yote ya kweli yaliingia katika utani yakawa utani. Katika mahali pote pa duniani pa kumwambia nilichotaka kumwambia, nilikuwa nimechagua pale ambapo hakuna mtu anayeruhusiwa kuumia.

Hapo ndipo nilipokasirika hasa.

Mjomba akasogea, kama ilivyo desturi, kuja kunitoa. "Mtani, jua linakwenda, tunataka kuzika kabla ya Alasiri. Unataka nini?" Akanipa kuku, kafungwa miguu. Nikamkataa. Akaniwekea doti ya kanga mpya begani, nikaitupa. Akatoa noti, nikaitemea ugoro, watu wakashangilia. Waliobeba jeneza walikuwa wamesimama nalo nyuma ya wanawake, jasho linawatiririka.

Nikapiga bakora kizingitini. "Mpagazi wangu hana pa kulala!" nikasema kwa sauti ya Bibi, nikaielekeza bakora kwenye nyumba yetu. "Nataka ile nyumba ndogo. Mpeni mpagazi ile nyumba, ndipo nitatoka!"

Walicheka wote. Huko nje nilimwona mume wangu amefumba macho.

Mjomba akamgeukia binti. "Mwenye mama ni wewe. Mjibu mtani wako."

Mtu yeyote aliyewahi kuzika Kibiti angejua la kufanya. Angebembeleza: mtani punguza, mtani chukua mbuzi, mtani hurumia waliobeba. Bei inashuka taratibu, watu wanafurahi, mwisho unapewa kuku wako yule yule na unaondoka. Lakini yeye alikuwa ameishi Dar miaka mingi, na kwake haya yote yalikuwa maonyesho ya watu wa shamba. Akafuta machozi. Akarusha mkono hewani.

"Mpeni!" akasema anacheka. "Mpeni nyumba, na choo chake, na minazi! Mama yangu azikwe."

Mjomba hakucheka. Aligeukia uwanja akauliza, "Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Kwa watu wale, mtani akishajibiwa jeneza likiwa mabegani, anayelirudisha neno amemrudisha maiti mlangoni. Hakuna wa ukoo ule ambaye angekubali kulala na jambo hilo. Nikaondoa bakora. Bibi akapita mbele yangu, mwepesi, walimbeba kama hawana kitu. Nikatema ugoro.

Arobaini ilitukuta masika imeanza. Binti alirudi na lori lenye marobota. Alikuwa na mpango wake: kufungua stoo Kibiti, awauzie wachuuzi wa huku wasifike Dar. Kisomo kilipokwisha, na watu bado wamekaa kwenye mikeka, akamwambia Mjomba kwamba ile nyumba ndogo anaihitaji, wapangaji wapewe wiki moja.

"Nyumba ile ulishaitoa," akasema Mjomba.

"Nimeitoa lini?"

"Mlangoni. Hata fungu langu la mirathi lililomo, mimi nimeliachia hapo hapo."

"Jamani! Ule si ulikuwa utani?"

"Utani, ndiyo. Ungesema unalia tungesema ni uchungu wa kufiwa, tungekuacha. Umesema unacheka."

Akatazama huku na huku kutafuta wa kumtetea. Mmoja mmoja walisema walisikia. Wale wanawake walionijazia mapipa, mwenye mashine, wale walimu Wangoni, wote walisikia. Temeke hakuna mtu hata mmoja ambaye angesimama kunisemea vile. Mwisho akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza akanitazama kama mtu anayetazama mtu.

"Mama, nimekukosea nini wewe?"

Nikamwambia. Bila bakora, bila ugoro, kwa sauti yangu. Godoro, sufuria, picha, cherehani, redio iliyopunguzwa, hodi tatu. Nilimwambia alivyosema na mwavuli alioshika. Alisikiliza amekunja uso, na nitasema haki yake: alikuwa anajaribu. Alikuwa anatafuta kweli kichwani.

"Temeke? Chumba cha uani?"

"Cha uani."

Akatikisa kichwa. "Wapangaji walikuwa wengi, mama."

Nimetukanwa na watani maisha yangu yote, nimeitwa mpagazi, nimeitwa mla panya, hakuna neno lililowahi kunichoma kama hilo. Miaka saba nambeba yeye! Kila uzi ulioruka nilikuwa naye. Na yeye hakunibeba hata siku moja, hata mpaka bombani.

Kesho yake mvua ilishuka. Dereva wa lori aliogopa barabara itafunga, akayashusha marobota kando ya njia mbele ya nyumba zetu, akaondoka. Nyumba kubwa ilikuwa na kufuli mpaka mirathi igawanywe, na ufunguo alikuwa nao Mjomba, ambaye alikwisharudi Ruaruke kuwahi mpunga. Nusu ya mtaa walikuwa bondeni, madunguni. Saa kumi alasiri nilikuwa ndani peke yangu, nashona sare za shule karibu na dirisha, nikimwona yule binti. Alikuwa amekaa juu ya robota, mwavuli umegeuka nje ndani. Marobota yalikuwa yananyonya maji na kunenepa. Nilikuwa nayatazama kwa raha. Siwezi kuiita kwa jina lingine. Ilikuwa raha, iliingia mpaka vidoleni.

Kisha akasimama, akakata uwanja, akapanda barazani kwangu.

"Hodi."

Cherehani kilikuwa kinalia, na nikakinyamazisha. Alikisikia kinavyonyamaza. Lazima alikisikia, kama mimi nilivyosikia redio.

"Hodi jamani."

Hapo nilimsikia Bibi waziwazi, na ugoro wake mdomoni: ya pili ya nini, mimi nimekufa? Nikamjibu moyoni, ndiyo, bibi, umekufa. Na ndipo machozi yaliyokataa kuja siku ya msiba yalipokuja yote, kwa fujo, nikajiziba mdomo kwa sare ya mtoto wa watu ili sauti isitoke nje.

"Hodi, mama," akasema mara ya tatu, taratibu. Niliona maji ya nguo zake yanapita chini ya mlango, yanaingia sebuleni. Alingoja. Nami nikangoja. Sikusema karibu, wala subiri, wala nenda zako. Baadaye nikasikia miguu yake inashuka barazani.

Jioni lori la nazi lilimchukua, na hakurudi tena Kibiti. Mimi niko hapa mpaka leo. Sijamwambia mchungaji yeyote, wala mume wangu hakuwahi kujua. Chumba cha pili ndimo alimozaliwa yule mwanamke, na siku ile mlango wake ulikuwa wazi nyuma yangu, na mimi nilikuwa nimeshika gurudumu la cherehani kwa mikono miwili lisizunguke.